Nakala Iliyokohoa

Simu ya mshonaji iliita saa nne na dakika kumi asubuhi, na mwenyewe hakuigusa. Aliitazama tu ikitetemeka juu ya meza, ikijisogeza kidogo kidogo kuelekea ukingoni, huku mikono yake ameibana katikati ya magoti.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Namba ile ile."

"Pokea. Weka sauti ya nje," sajini alimwambia. "Usiseme kitu, na usikate."

Mshonaji alipokea. Hakuna aliyesema halo. Ulisikika wimbo tu, gitaa na ngoma ndogo na mwanamke anayeimba kwa sauti ya chini, kana kwamba unapigwa chumba cha pili. Walisikiliza ubeti wa kwanza wote. Ubeti wa pili ulipotaka kuanza, mwimbaji alikohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu aliyepaliwa na mate. Hapo mshonaji akanyoosha kidole na kukata simu.

"Nimekwambia usikate."

"Nisamehe, Sajini. Kila siku najiambia leo nitavumilia. Kikifika hicho kikohozi naona kama mtu kanikoholea kisogoni."

Hiyo ilikuwa mara ya kumi na moja kwa siku nne. Siku nne hizo hizo mdogo wake hakuonekana machoni pa mtu.

Walikuwa wamekaa ndani ya duka la huyo mdogo wake, chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya muuza rangi za nyumba. Mtaa mzima walimwita Mtumba, kwa sababu aliuza nyimbo zilizokwisha tumika. Mtu aliyenunua nyimbo zake mtandaoni kisha akazichoka alizileta hapa. Mtumba alizihamishia kwenye simu ya mnunuzi mpya, halafu akamfutia mwuzaji nakala yake kwa mashine, mwenyewe akiwa amesimama anaona. *Wimbo mmoja, mwenyewe mmoja.* Maneno hayo aliyaandika mlangoni kwa rangi aliyopewa bure na jirani wa chini. Kampuni ya muziki ilimshitaki kwa biashara hiyo, na kesi ilikuwa isikilizwe kesho yake saa tatu.

Sajini alisimama akaizunguka meza. Kituoni walimwita Mama Taratibu. Wengine walimwita hivyo kwa sababu alipenda taratibu, wengine kwa sababu alikwenda taratibu, na yeye hakuwahi kuuliza nani alimaanisha lipi.

"Wimbo huo umewahi kuusikia kabla?"

"Mdogo wangu alinipigia, miezi miwili iliyopita. Alikuwa anacheka. 'Sikia, dada, huyu mama kakohoa na bado wamemuuza.' Alisema nakala yenye kikohozi ni adimu, watu wanaitafuta kwa tochi. Halafu wiki iliyopita akaja kula kwangu, chakula hakikushuka. Nikamuuliza una nini. Akasema kuna mtu kanichezea, dada, na ni mtu ambaye sikumtegemea."

"Hakumtaja?"

"Alisema kwanza atakwenda kumwona, waongee kama watu wazima."

Mlango haukuvunjwa, aliyeingia aliingia kwa ufunguo, na ufunguo alikuwa nao Mtumba mwenyewe. Televisheni ndogo ipo, spika zipo, hata koti lake lipo. Kompyuta ilikuwa wazi tumbo, imetolewa diski tu, ile iliyohifadhi kumbukumbu za nani kauza nini kwa nani. Sajini aliinamia kitu kilichokuwa kando yake. Kifuniko cha chupa. Ndani yake skrubu saba, kubwa upande mmoja, ndogo upande mwingine.

"Mdogo wako alikuwa mtu wa kupanga vitu?"

"Yeye? Soksi zake alikuwa anazikuta kwenye friji."

Mama Taratibu alipiga picha kifuniko, akakitia kwenye mfuko, akaandika saa. Mwizi anayeogopa kukutwa hapangi skrubu kwa ukubwa. Anayezipanga ni yule ambaye mikono yake imezoea hivyo, na hata akiwa anaiba mikono inaendelea na kazi yake.

"Na ile namba?" mshonaji aliuliza kwa sauti ndogo. "Mlisema mtanijibu."

Koplo wake alikuwa ameleta jibu asubuhi ile. Laini ilisajiliwa kwa jina la mzee mmoja aliyezikwa mwaka jana.

"Bado tunafuatilia," alisema. "Simu yako nitakaa nayo mimi. Nitakuandikia hati."

Mshonaji aliitoa kama mtu anayekabidhi kaa la moto. Ilikuwa ndani ya kava la kitambaa alilolishona mwenyewe, lenye vifungo viwili vyekundu. Kisha akatia saini ile hati.

*

Wakili wa kampuni ya muziki alikuwa na ofisi yenye zulia, na kiti cha wageni kilichokuwa kifupi kuliko chake.

"Nilimwandikia barua ya kumpa siku saba," alisema kabla hajaulizwa. "Kila mtu mjini anajua. Kwa hiyo kila mtu anadhani nimemmeza."

"Umemmeza?"

"Kesi ninayoshinda nimfiche mshitakiwa wa nini?"

"Una uhakika gani wa kushinda?"

Wakili alipiga meza yake kwa kiganja, polepole. "Ukiniuzia kiti hiki, Sajini, utasimama. Ukiniuzia wimbo, utaendelea kukaa. Ndiyo maana wateja wetu hawanunui wimbo. Wananunua ruhusa ya kuusikiliza. Iko kwenye mkataba."

"Mkataba ambao hakuna anayeusoma."

"Hakuna aliyewazuia kusoma."

"Na mtu akifa? Watoto wanarithi nini?"

"Spika," alisema wakili, wala hakucheka.

Mama Taratibu aliandika neno hilo kama lilivyo. Kisha akamwuliza kuhusu kikohozi, na hapo wakili akaacha kupiga meza.

"Umesikia wapi habari hiyo?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Ule wimbo ulitoka na kosa. Uliuzwa siku mbili, ukaondolewa, ukawekwa uliosafishwa. Walioununua siku zile mbili na kuuhifadhi kwao wamebaki na wenye kikohozi. Hawafiki mia. Na kila nakala tunayouza ina alama ya mnunuzi wa kwanza, imefichwa ndani, haisikiki." Aliinuka akaenda kufunga mlango wa ofisi, akarudi. "Huyo Mtumba wenu alikuja hapa. Siku ile ile mnayosema alipotea, saa saba mchana. Alikaa hapo ulipokaa. Alikuwa na nakala mbili za wimbo huo, kutoka kwa watu wawili wasiojuana, na alama ni moja, ingawa hakuniachia hata moja."

"Maana yake?"

"Mwuzaji aliuza, akafutiwa, na bado akabaki nao. Akauuza tena. Ile mashine ya kufuta waliyoiapia mahakamani ni kazi bure." Wakili alikaa, akajifuta paji la uso ingawa chumba kilikuwa baridi. "Alinipa kesi mkononi, Sajini. Alisema kesho yake ataniletea jina la huyo mtu na kuliandika, hata kama duka litafungwa. Nikangoja. Hakuja. Tangu hapo nafunga milango."

"Mbona hukuja kituoni?"

"Ningesema nini? Kwamba adui yangu alikuja kunisaidia, kisha akayeyuka? Wewe ungeniamini?"

Mama Taratibu alifunga daftari. Alipokuwa akishuka ngazi alihesabu waliobaki. Mtu mwenye mkono wa ufundi. Mtu ambaye Mtumba hakumtegemea. Mtu ambaye jina lake likitajwa kesho saa tatu litaharibu zaidi ya biashara ya nyimbo.

Alimpigia koplo. "Nenda kwa watoto wa yule marehemu. Usiwaulize amekufaje. Waulize simu yake iko wapi."

*

Fundi aliyetengeneza mashine ya kufuta alikuwa na karakana kwenye kichochoro cha wachomelea vyuma, na mtu akipiga kelele pale mchana ilimbidi apige mara mbili ndipo ajisikie mwenyewe. Walimwita Kimya. Ndiye aliyesimama mahakamani mwezi uliopita, akaapa kwamba wimbo ukipita kwenye mashine yake hakuna nakala inayobaki kwa mwuzaji. Mama Taratibu alikwenda kwake kama anavyokwenda mtu kwa mganga, kuuliza. Alitaka kujua nakala mbili zinawezaje kuwa na alama moja, na hakuwa na mwingine wa kumwuliza.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Kimya alimpa kiti, akamfutia vumbi kwa kitambaa.

"Mshonaji anaendeleaje?" alimwuliza. "Namwonea huruma yule dada. Ile simu yake nilimbadilishia kioo mimi, sikumtoza."

"Anajitahidi. Fundi, mtu anaweza kuidanganya mashine yako?"

"Haiwezekani."

Alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, chuma cha kulehemu kinafuka moshi mkononi. Alitoa skrubu, akaiweka kwenye kifuniko cha chupa. Akatoa nyingine, akaiweka kando yake. Kubwa huku, ndogo huku.

Mama Taratibu alitazama pembeni, kama mtu anayeangalia karakana tu: rafu za redio zilizokufa, waya zimening'inia, mlango mmoja wa nyuma wenye kufuli. Skrubu si ushahidi. Mafundi wote wa mji huenda wanapanga hivyo.

Simu yake mwenyewe ilitetemeka mfukoni. Aliisoma chini ya meza. *Binti wa marehemu anasema simu ya baba yake waliipeleka kwa Fundi Kimya ikatengenezwe, wakaisahau. Uko wapi Mama?*

Aliandika kwa kidole kimoja. *Kwake. Njooni.*

"Habari njema?" Kimya aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kazi tu."

"Vumbi la jirani linaniharibia kazi," alisema fundi. Akainuka, akateremsha shata ya mbele, ule mlango wa bati, mpaka chini. Mwanga wa kichochoro ukakatika, ikabaki taa ya mezani. Aliporudi alibonyeza spika iliyokuwa rafuni. "Mimi siwezi kufanya kazi bila muziki. Natumai hukereki."

Gitaa. Ngoma ndogo. Mwanamke mwenye sauti ya chini.

Mama Taratibu alilivuta daftari lake karibu. Alijiambia kwamba wimbo huo unapigwa popote, nakala safi iko kila redio. Alisubiri ubeti wa kwanza uishe. Hakuwahi kujua kwamba ubeti unaweza kuwa mrefu hivyo.

Mwimbaji akakohoa.

Na ndani ya mkoba wake, simu ya mshonaji ikaanza kuita.

Kimya aligeuka. Asingepokea ingeendelea kuita, na kila mlio ungemfanya fundi atazame mkoba. Mama Taratibu aliitoa akiwa ameifunika kwa kiganja, akaiweka sikioni.

Alisikia gitaa. Alisikia ngoma ndogo. Masikio yake mawili yalikuwa yanasikia wimbo mmoja, hili kutoka rafuni, hili kutoka kwenye simu, wa simu ukichelewa kidogo kama mtu anayerudia maneno ya mwenzake. Nyuma ya wimbo kulikuwa na pumzi, nzito, ya puani.

Anayepiga simu si anayepiga wimbo. Siku nne wamemtafuta mtu mmoja, kumbe ni wawili.

"Fundi, naomba unipunguzie," alisema. "Simsikii huyu."

Kimya alinyoosha mkono, akauzima kabisa. Rafuni kukawa kimya. Na ndani ya simu, baada ya nukta moja, kukawa kimya pia. Ikabaki pumzi.

"Nimekusikia, mwanangu," Mama Taratibu alisema kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta. "Nimekusikia vizuri. Usikate. Mama yupo hapa hapa, anakuja."

"Mwanao?" Kimya aliuliza.

"Mdogo wa mwisho."

"Anakupigia kwenye simu ya mshonaji?"

Vifungo viwili vyekundu vilikuwa vinaonekana katikati ya vidole vyake. Fundi aliviangalia, kisha akaangalia mlango wa nyuma, kisha chuma alichokishika. Ncha yake ilikuwa bado inafuka moshi. Kati ya Mama Taratibu na shata kulikuwa na hatua tano, na fundi alikuwa kwenye hatua ya pili.

Mama Taratibu alifanya jambo pekee alilojua kulifanya hata akiwa usingizini. Aliiweka simu mezani ikiwa wazi, akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe na saa.

"Kaa, fundi," alisema. "Naandika maelezo yako. Mahakamani uliapa tarehe ngapi?"

Kimya hakukaa. Lakini alijibu. "Tarehe sita."

"Uliapa nini?"

"Kwamba mashine inafuta kila kitu. Na inafuta. Niliapa kuhusu mashine, Sajini. Sikuapa kuhusu mimi."

"Ulizinakili kabla ya kuzipeleka kwa Mtumba."

"Zilikuwa nyimbo zangu. Nilizinunua mimi, moja moja, miaka minane. Siku nilipoziuza nilirudi hapa nikakuta karakana imekuwa kama kaburi. Nikasema, ninazo kwenye diski nyingine, nikizisikiliza peke yangu nitamuumiza nani?"

"Halafu?"

"Halafu akaja mtu akiutaka wenye kikohozi."

"Ukamuuzia. Mara ya pili."

"Na wengine." Alimeza mate. "Ile iliyomfikia Mtumba ilikuwa ya sita."

Kalamu iliendelea. Mama Taratibu aliandika polepole kuliko alivyowahi kuandika, kila herufi na mkia wake, akisikiliza kichochoro. Wachomelea vyuma tu.

"Alikuja kukuona."

"Alikuja kunibembeleza. Eti nikaseme mwenyewe. Nikaseme nini? Kiapo cha uongo ni jela. Nilimsukuma, akaanguka, na alipoanguka nikajua siwezi tena kumwacha atoke. Nilitaka kesho ipite tu. Kesi isikilizwe yeye asiwepo."

"Na ikishapita?"

Fundi aligeuza chuma mkononi.

"Nakuuliza kwa ajili ya maelezo. Kesho ikishapita, ulitaka kumfanya nini?"

Kimya alitazama mlango wa nyuma. Kisha akaanza kwenda huko, chuma mkononi, ufunguo anautafuta mfukoni kwa mkono mwingine. Mama Taratibu alijikuta amesimama mbele ya kufuli. Hakukumbuka kuinuka. Joto la ile ncha alilihisi kwenye shavu.

"Bado hujatia saini," alisema.

Shata ililia kwa kishindo, ikalia tena. "Mama Taratibu," sauti ya koplo iliita kutoka nje. "Tupo."

Kimya alisimama hapo alipo. Alirudi mezani, akakirudisha chuma kwenye kikalio chake kwa uangalifu, akazima swichi ukutani, akauweka ufunguo juu ya daftari.

Mtumba alikuwa kwenye stoo, amelala ubavu nyuma ya rafu, mikono imefungwa kwa waya nyuma ya mgongo, mdomo umezungushiwa utepe mweusi wa umeme. Boksi la simu kuukuu lilikuwa limemwagika karibu naye. Katika vidole vilivyovimba alishika simu ndogo ya vitufe, na koplo ilibidi amfumbue kidole kimoja kimoja.

*

Saa kumi na mbili jioni, wodini, Mtumba alitoa maelezo. Midomo yake ilikuwa imechanika na alinong'ona. Fundi alimnywesha maji mara mbili kwa siku, alisema. Namba aliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja tu, ya dada yake, na vitufe alivibonyeza kwa kupapasa, wakati wimbo unapigwa, ili milio isisikike. Fundi kila akirudi kazini alianza na wimbo ule ule, mara kadhaa kwa siku.

"Sasa hii sehemu ya nakala sita," Mama Taratibu alisema. "Fikiri vizuri. Nikiiandika, wakili ataisoma kesho mbele ya hakimu. Biashara yako imekwisha."

"Andika."

"Watu watanyang'anywa haki ya kuuza vitu vyao kwa sababu ya mtu mmoja."

"Nadhani wanayo haki hiyo. Hata kesho nitasema wanayo." Alipumzika, akavuta pumzi. "Lakini nimewaambia watu mia tatu, huu ni wako peke yako. Kuna wanne sijui walipo, niliowasaidia kudanganywa. Andika, Mama."

Aliandika. Alikuwa anamshikia karatasi atie saini mlango ulipofunguliwa. Mshonaji alisimama kizingitini, akaona mikono ya mdogo wake ilivyofungwa bandeji, akaja mpaka kitandani. Koplo alikuwa amekwisha mweleza njiani nani aliyekuwa akipiga.

"Nilikuwa nakata mimi," alisema. "Zote kumi na moja. Niliogopa, mdogo wangu. Nilikuwa nakukatia."

Mtumba alijaribu kuinua kichwa, kikamshinda. Alisogeza mkono wake uliovimba mpaka ukagusa wa dada yake.

"Lakini ulikuwa unapokea," alisema.